Nani amepasua gitare ya korali?

Mwezi huu hatutasema juu ya maziwa ya mutoto wala juu ya deni la duka. Tutasema juu ya gitare. Kama nyumbani kwako hakuna gitare, usifunge ukurasa. Pengine kuna ngoma, pengine kuna banjo, ao kuna kijana wa korali ambaye analala na hasira kwa sababu chombo chake kimeharibika na anatafuta mutu wa kumushitaki.

Mambo yenyewe ni haya. Karibu kila mwaka, kati ya mwezi wa 7 na mwezi wa 10, mutu anapiga hodi kwangu asubuhi. "Baba Pasta, gitare imepasuka yenyewe usiku." Yenyewe! Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imetundikwa kwenye musumari, watu wamelala, na katikati ya usiku wakasikia mushindo kama wa bunduki, na nyuzi zikalia. Wakawasha torshi. Wakaona mustari mweusi umefunguka katika uso wa gitare, toka kwenye tundu mpaka chini, ao kile kibao chenye kushika nyuzi kimebanduka na kuning'inia pembeni. Na kabla ya saa sita ya muchana jina la mutu limekwisha kutajwa. Ni ile korali ingine, iliomba kuazima gitare tukaikatalia. Ni muzee fulani, alipita akaangalia sana. Ni yule mutoto wa shemeji, anaota ndoto mbaya. "Ni bulozi, Baba Pasta. Kitu kinaweza kulia chenyewe usiku?"

Ndiyo, kinaweza. Nataka ujue kinalia kwa sababu gani, maana katika kanisa moja ambalo sitalitaja jina nimeona korali ikigawanyika vipande viwili kwa ajili ya gitare moja, na mama mujane mumoja akakaa miezi mitatu bila kusalimiwa na mutu. Gitare ilitengenezwa ndani ya majuma mawili. Yule mama alihamia kwa mutoto wake Kabongo, na mpaka leo hajarudi.

MBAO INAKUNYWA

Muti ukikatwa, ukapasuliwa mbao, mbao ikakauka miaka mingi, haiachi tabia yake ya kunywa. Hewa ikiwa na maji mengi, mbao inakunywa na kuvimba. Hewa ikikauka, mbao inarudisha maji na kupungua. Unajua jambo hili bila kusoma kitabu: mulango wa nyumba yako unakataa kufungwa mwezi wa 2, na mwezi wa 8 unaufunga kwa kidole kimoja na upepo unapita pembeni. Gitare ni mulango ule ule, lakini mwembamba sana. Uso wa gitare nzuri una unene wa milimeta 3 tu, ao chini ya hapo.

Tena mbao haivimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu wake haisogei karibu hata kidogo, lakini kwa upana inasogea. Chukua uso wa gitare wenye upana wa sentimeta 40. Unyevu wa hewa ukishuka toka 50 kwa mia mpaka 30 kwa mia na kukaa hapo, uso huo unataka kupungua karibu milimeta 2. Unataka, lakini hauna ruhusa, kwa sababu kwa ndani fundi amebandika vijiti vinavyokata upana ule, na vijiti havipungui kwa urefu wao. Uso unavuta, vijiti vinakataa. Siku moja, mahali penye uzaifu, mbao inaachana.

Ongeza na nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ni kama mutu muzima amening'inia kwenye kile kibao usiku na muchana, juma zima, mwaka muzima. Za nailoni zinavuta kidogo kuliko hizo, lakini nazo zinavuta. Na kibao kile mara nyingi kimeshikwa na kole peke yake. Kole ikichoka kwa joto la muchana chini ya manjanja, ao kwa maji ya mvua, ao kwa ukavu wa kiangazi, kilo zile 70 zinaondoka mara moja. Hapo ndipo panatoka mushindo. Nyuzi zilizofunguliwa kwa gafula zinalia, na hakuna kidole kilichozigusa.

Na kwa nini usiku? Usiku wa mwezi wa 7 kwetu ni baridi, na chuma kikipoa kinajikunja, kwa hiyo nyuzi zinakaza kidogo zaidi kuliko zilivyokuwa jioni. Tena usiku watu wamenyamaza. Gitare nyingi zinapasuka muchana katikati ya kelele ya soko na ya pikipiki, na hakuna mutu anayesema neno la bulozi.

KWA MIA YA NINI?

Nimeandika 50 kwa mia na 30 kwa mia. Ya nini? Hewa ni kama ndoo inayokua na kupungua. Ikipata joto inaweza kubeba maji mengi, ikipoa inabeba machache. Tuseme meta moja ya hewa kwa urefu, upana na kimo, nayo ina baridi ya digri 15. Inajaa kwa gramu 13 hivi za maji. Hapo ni 100 kwa mia, umande unaanguka, ukungu unafunika reli. Jua likipanda na hewa ile ile ikifika digri 30, ndoo imekuwa kubwa, sasa inaweza kubeba gramu 30. Lakini maji ni yale yale gramu 13. Basi unyevu umeshuka mpaka karibu 43 kwa mia, na hakuna hata tone lililopotea.

Ndiyo maana katika siku moja tu ya mwezi wa 5 ao wa 6 chombo kinaweza kutoka katika ukungu na kuingia katika ukavu, na usiku kinarudi. Kisha kiangazi kinasonga mbele. Mwezi wa 8 na wa 9 hata asubuhi hakuna tena ukungu, na hewa ya muchana katika nchi yetu hii ya juu, zaidi ya meta 1000, inashuka chini ya 40, na siku zingine chini ya 30. Kisha mwezi wa 10 mvua inarudi, na mbao iliyokauka vile inaanza kunywa tena kama mutu aliyetoka shambani.

Mafundi wa gitare wa pande zote za dunia wanapatana karibu wote katika hesabu hii: kati ya 45 na 55 ni vizuri sana, na kati ya 40 na 60 hakuna hatari kubwa. Chini ya 40 kwa siku nyingi, mbao inapasuka. Juu ya 70 kwa siku nyingi, kole inalegea, uso unavimba, nyuzi zinapanda juu mpaka vidole vinauma, na kuvu inaota ndani.

Wengi wanafikiri adui wa gitare ni mvua. Kwa mawazo yangu, kwetu Kamina adui mukubwa zaidi ni kule kupita toka mvua mpaka ukavu, kwa haraka, bila kitu cha kukinga. Angalia Kinshasa. Kule, Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu ilianza mwaka wa 1994 chini ya Armand Diangienda. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, walipokezana, na uzi ukikatika waliweza kuweka waya ya breki ya kinga. Albert Nlandu Matubanza alifungua chombo ili aone kimejengwa namna gani kwa ndani, kisha akajenga vingine yeye mwenyewe. Ninaheshimu watu wa namna hiyo. Lakini Kinshasa hewa ina maji mengi karibu mwaka muzima. Chombo kilichojengwa ao kilichozoea kule, ukikileta Kamina mwezi wa 7, ni kama umekitoa mutoni na kukianika. Ukiagiza gitare toka Kinshasa, fanya ifike mwezi wa 3 ao wa 4, ipate wakati wa kuzoea polepole.

NGOMA NA GITARE SI NDUGU

Sisi watu wa Kamina si wageni katika habari ya hewa na chombo. Mwaka wa 1958 waimbaji wa hapa kwetu walikwenda Ulaya pamoja na Padri Guido Haazen, na ile Missa Luba yao ikasikiwa duniani. Mimi ni Muprotestanti, lakini sifa ya muji wetu ni sifa ya muji wetu. Kazi yao ilisimama juu ya sauti na ngoma. Na mupiga ngoma wa kwetu, tangu wakati wa babu zetu, anajua ya kufanya ngozi ikilegea kwa unyevu wa jioni: anawasha majani makavu, anasogeza ngoma karibu na moto, anaigonga kidogo, anasikiliza, anaisogeza tena, mpaka sauti inarudi. Huyo anapima unyevu wa hewa kwa sikio lake.

Na gitare nayo ina jina katika nchi ya migodi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimukuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi gitare yake, na mpaka leo kuna watu wa mbali sana wanaojifunza vidole vyake. Basi ngoma na gitare zinakaa pamoja katika korali zetu, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mupiga ngoma anaotesha ngoma yake motoni, na kijana wa gitare amekaa karibu naye, vidole vinamuganda, naye anasogeza gitare.

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Ngoma ina ngozi moja, imefungwa kwa kamba ao kwa vijiti, ikikaza inakaza yote pamoja. Gitare ni vipande vingi vilivyobandikwa, na kila kipande kinakauka kwa mwendo wake. Moto unaoponyesha ngoma unaua gitare. Hata banjo ya ngozi na kalindula, sogeza mbali kidogo, kwa dakika chache, maana shingo zao ni mbao pia. Na mbabula ya kupikia isikae katika chumba kimoja na gitare.

KIPIMO NA CHUMVI

Chombo cha kupima unyevu wa hewa kinaitwa higrometa. Si kitu kipya. Mwaka wa 1783 mutu mumoja wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliandika kitabu juu ya kipimo alichokitengeneza kwa unywele wa mutu, maana unywele unarefuka kidogo hewa ikiwa na maji na unafupika ikikauka. Dada zetu wanaosuka nywele hawatashangaa. Leo kuna vipimo vidogo vya betri, vyenye namba, ukubwa wa kibiriti ao zaidi kidogo, na bei yao ni dola chache tu. Agiza kwa mutu anayekwenda Lubumbashi. Korali inayoweza kununua sare mpya kila Noeli inaweza kununua kipimo kimoja.

Lakini usikiamini mpaka umekijaribu, maana vingi vya bei ndogo vinadanganya. Jaribu ni kwa chumvi ya jikoni. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi, tia matone machache ya maji, iwe kama bukari nzito, isiwe supu. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya bokali ao mufuko wa plastiki usiotoboka, chumvi isiguse kipimo. Funga kabisa, acha usiku kucha mahali pasipo jua. Asubuhi soma namba bila kufungua. Hewa iliyofungwa pamoja na chumvi iliyoloa inasimama kwa 75 kwa mia, hapa Kamina sawasawa na Ulaya. Kama kipimo chako kinaonyesha 70, kinapunguza 5. Andika "ongeza 5" kwa nyuma yake. Kikionyesha 81, andika "toa 6". Kazi imekwisha, na umetumia chumvi ya kijiko kimoja.

Vijana watasema: simu yangu inaonyesha unyevu. Simu inakuambia hewa ya inje, na pengine ya muji mwingine. Haijui kilicho ndani ya sanduku la gitare.

Kisha mutu mumoja achaguliwe kuandika katika daftari. Mimi nataka asiwe mupiga gitare mwenyewe, maana yeye anapenda kupiga, hapendi kuandika. Mama mumoja wa korali, ao binti anayejua hesabu. Mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa nane ya muchana. Tarehe, saa, namba, basi. Katika kanisa letu moja la pembeni ya muji daftari hiyo imekwisha kufanya kazi ambayo mahubiri yangu hayakufanya. Gitare ilipasuka, watu wakaanza kunong'ona, na mama mwenye daftari akafungua ukurasa mbele ya wote: siku tisa mfululizo, saa nane ya muchana, 31, 29, 29, 27, na kuendelea hivyo. Sanduku lilikuwa limeachwa wazi toka mazoezi ya siku ya posho. Wakaulizana nani aliacha sanduku wazi, wakacheka, na hakuna jina la muzee lililotajwa siku ile.

Kama bado hamujapata kipimo, chombo chenyewe kinasema. Pitisha mukono pembeni ya shingo: kama ncha za vile vichuma zinakwaruza vidole, mbao ya shingo imepungua, hewa ni kavu mno. Weka rula kwa upana juu ya uso, nyuma ya kibao cha nyuzi. Gitare nyingi zenye afya zimeinuka kidogo pale katikati. Kama pamelala kabisa ao pameshuka kama sahani, ni ukavu. Kama pamevimba na nyuzi zimepanda, ni maji. Nyuzi zinazotetemeka na kulia "zzz" kwa gafula katika kiangazi, usikimbilie kukata ao kupandisha kitu. Kwanza rudisha unyevu.

NAMNA YA KUKINGA

Kinga ya kwanza ni sanduku lenye kufungwa. Kama gitare ilikuja bila sanduku, fundi wa mbao wa kartie anaweza kujenga moja, na akina mama wataweka blanketi kuukuu ndani. Sanduku halizuii hewa kabisa, lakini linafanya mabadiliko yaende polepole, na polepole ndiyo dawa yenyewe. Mufuko wa kitambaa unakinga vumbi tu. Gitare ikimaliza kupigwa inarudi katika sanduku na sanduku linafungwa, siku zote, hata kama mazoezi ni kesho.

Wakati wa kiangazi, chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, toboa matundu kwa juu tu, weka sifongo ndani. Loweka sifongo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha uikamue kwa nguvu mpaka isitoke hata tone. Weka kisanduku hicho ndani ya sanduku la gitare, karibu na kichwa, mahali ambapo hakitagusa mbao. Kipimo kikae upande mwingine. Angalia kila siku mbili. Kama namba inapita 55, toa sifongo. Kama haifiki 40, ongeza kisanduku cha pili. Usitie maji ndani ya gitare, usipanguse uso kwa kitambaa chenye maji. Kazi hii ianze mwezi wa 5, kabla ncha za vichuma hazijakwaruza mutu.

Wakati wa mvua ni kinyume. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya katoni ya viatu, vyenye punje ngumu kama muchele wa kioo, usivitupe. Ile ni silika jeli, inakunywa maji ya hewa. Vikusanye kumi ao zaidi, weka katika sanduku. Kuna punje zingine zenye rangi ya buluu zinazogeuka rozi zikishiba maji. Msomaji wa Kolwezi, angalia vizuri rangi ile: ni kobalti, ile ile inayobebwa na malori mbele ya mulango wako. Chumvi ya kobalti ikiwa kavu ni buluu, ikilowa ni rozi. Ni kipimo kizuri kwa macho, lakini ni sumu. Punje za buluu zisikae mahali mutoto anafika, na zisikaushwe katika sufuria ya kupikia. Zile nyeupe zinakaushwa katika chombo cha bati kilichowekwa kando kwa kazi hiyo tu, kwa moto mudogo, kisha zinapoa zikiwa zimefunikwa.

Kama hakuna silika, muchele uliokaushwa katika kikaango na kufungwa katika kitambaa unasaidia kidogo. Kidogo, nasema, ukaushe tena kila siku tatu. Na siku mvua haikunyesha, daftari itakuonyesha kwamba saa nane ya muchana hewa inashuka mpaka 55 ao 60. Saa ile fungua sanduku, acha chombo kipumue, kisha funga kabla ya jioni. Panguseni nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga. Jasho pamoja na mvua vinaleta kutu ndani ya juma moja.

Mahali pa kuweka: chumba cha katikati, mbali na ukuta unaopigwa na jua, si chini kwenye simenti, maana simenti inapandisha maji wakati wa mvua. Matofali mawili chini ya sanduku yanatosha. Na si juu ya kabati chini ya manjanja. (Katika Zaburi ya 137 wafungwa wa Babeli walitundika vinubi vyao kwenye miti kando ya mito. Walikuwa na huzuni kubwa, siwahukumu, lakini pale si mahali pa kutundika kinubi.) Katika safari, legeza nyuzi kidogo, zisilegee kabisa, na usiache gitare ndani ya motokari iliyofungwa juani. Kole nyingi za mbao zinaanza kulegea joto ikipita digri 60 hivi, na motokari nyeusi mbele ya kituo cha gari la moshi inaweza kufika pale.

Kama unataka kununua, angalia ukingo wa tundu la gitare kwa macho makali. Ukiona mbao imepangwa tabaka tatu kama mukate uliokunjwa, ni kontroplake. Wauzaji wanaidharau, lakini kwa korali ya kijiji mimi ningechagua hiyo, maana haipasuki upesi. Gitare ya mbao nzima inaimba vizuri zaidi, na inataka mutu wa kuitunza kila siku. Ya umeme yenye mwili muzito haina uso mwembamba wa kupasuka, lakini shingo yake inajipinda na vichuma vyake vinakwaruza sawasawa na vingine.

Na kama imekwisha kupasuka? Legeza nyuzi siku ile ile. Usiweke kole ya haraka, ile ya dakika moja, wala usipige misumari. Fungia gitare katika sanduku pamoja na sifongo, karibu na 50 kwa mia, siku saba mpaka kumi na ine. Mara nyingi utaona mustari unajifunga wenyewe mpaka unakuwa kama unywele. Hapo ndipo fundi anatia kole ya mbao, anabana kwa kiasi, anabandika kipande kidogo kwa ndani cha kushika. Ukitia kole wakati mbao bado kavu na mustari bado wazi, umejaza kole mahali pa mbao, na mvua ikirudi uso hautakuwa na nafasi ya kuvimba, utapasuka pembeni ya pale.

Ndugu wa Luena aliyeandika akiuliza juu ya sinteze yenye vidole vinavyogoma, nimepata barua yako. Habari ile ni ya vumbi zaidi kuliko ya unyevu, na tutaifikia katika mwezi ujao.